Sushruta na Tatizo la "Upasuaji wa Plastiki"

Mwishoni mwa muhula uliopita, mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari alituletea sentensi aliyoitafsiri kwa ajili ya wanafunzi wake, akaomba tuikague. Sentensi yenyewe ilisema hivi: "Sushruta, baba wa upasuaji wa plastiki, aliishi India miaka 2,600 iliyopita na aliandika kitabu cha kwanza cha tiba." Mwalimu alieleza kwamba alipoisoma darasani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinyosha mkono akauliza: hiyo plastiki Wahindi wa kale waliipata wapi? Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu, kama alivyokiri mwenyewe katika barua yake, hakuwa na jibu.

Sisi hatukucheka. Swali la mwanafunzi huyo ni la haki kabisa, na kosa si lake wala si la mwalimu wake; ni kosa la istilahi tuliyoiacha ikaenea bila kuitazama. Tena madhara yake hayaishii darasani. Mwaka huo huo tulisimuliwa na muuguzi mmoja habari za mama aliyemchukua mtoto wake aliyezaliwa na mdomo wa sungura, akaondoka naye kabla ya matibabu, kwa kuwa aliambiwa mtoto atafanyiwa "upasuaji wa plastiki", naye hakukubali mwanawe ashonewe plastiki usoni. Mtafsiri anapokosea jina la mto, msomaji atapotea njia kidogo. Anapokosea jina la tiba, mgonjwa anarudi nyumbani na maradhi yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza Sushruta alikuwa nani, alifanya nini hasa, na kwa nini habari zake zinatusaidia kuamua jambo hili la istilahi. Tutaigusa sentensi ya mwalimu wetu kipande kwa kipande.

Tuanze na jina. Kwa Kisanskriti, Sushruta maana yake ni aliyesikika vyema, yaani mwenye sifa iliyoenea. Mapokeo yanasema kwamba alikuwa mwana wa Vishvamitra, na kwamba alikwenda pamoja na wenzake kujifunza tiba kwa Divodasa, mfalme wa Kashi, mji ambao leo tunauita Varanasi, kando ya mto Ganga. Kitabu chenye jina lake, Sushruta Samhita, yaani mkusanyo wa Sushruta, kimeandikwa kwa mtindo wa mwalimu anayejibu maswali ya wanafunzi. Kina sura 186: sura 120 katika sehemu tano za mwanzo, na sura 66 katika sehemu ya nyongeza.

Hatuna budi kumwonya mtafsiri hapa. Kitabu hiki hakikuandikwa na mkono mmoja katika zama moja. Dalhana, mfasiri wake maarufu wa karne ya 12, anasema kwamba kilipitiwa upya na mtu aliyeitwa Nagarjuna, na wataalamu wengi wanaona kuwa sehemu ya nyongeza iliungwa baadaye. Makisio ya zama za Sushruta mwenyewe huanzia karne ya 6 kabla ya Kristo na kushuka hadi karne za mwanzo baada ya Kristo. Lililo na uthabiti zaidi ni ushahidi wa nyaraka. Mwaka 1890, katika eneo la Kucha huko Asia ya Kati, ofisa mmoja wa Kiingereza aitwaye Bower alinunua hati ya kale iliyoandikwa juu ya magome ya mti, ambayo wataalamu huiweka katika karne ya 6 au kabla yake kidogo. Ndani yake Sushruta anaonekana akimwuliza mfalme wa Kashi habari za kitunguu saumu. Na huko Kathmandu, Nepal, ipo nakala ya Sushruta Samhita yenyewe iliyonakiliwa mwaka 878. Kwa hiyo "miaka 2,600" ni kisio moja kati ya mengi, na halifai kuandikwa kama tarehe ya kuzaliwa iliyotoka kwenye cheti. Kitabu cha kwanza cha tiba nacho si hiki: Wamisri waliandika juu ya majeraha na matibabu yake kiasi cha miaka 1600 kabla ya Kristo.

Tukiisha kuyaondoa hayo, sifa ya Sushruta haipungui. Kwa mtu wa istilahi, hata huongezeka, maana kitabu chake ni hazina ya namna ya kutaja vitu.

Tazama jina la fani yenyewe. Kisanskriti huuita upasuaji shalyatantra. Neno shalya maana yake ni mwiba, au ncha ya mshale iliyobaki mwilini. Basi upasuaji ni elimu ya kuchomoa kilichoingia. Jina hilo linatuonyesha mganga akiwa vitani, akimtibu askari. Wayunani waliiita kazi hiyo hiyo kwa jina lenye maana ya kazi ya mkono, na ndilo lililoenea katika lugha za Ulaya. Sisi tumechukua kitenzi pasua. Ajabu ni kwamba Sushruta, baada ya kuhesabu ala 101 za kushikia, kuvutia na kuchokolea, anasema kwamba iliyo bora kupita zote ni mkono, kwa kuwa bila mkono hakuna ala ifanyayo kazi. Hapo amekutana na Wayunani bila kuagana nao.

Ala hizo 101 amezigawa katika mafungu sita, na pembeni yake ameweka ala 20 zenye makali. Fungu la kwanza lina koleo 24 zenye mikono miwili iliyopishana kama msalaba, na kila moja imepewa jina la mnyama au ndege ambaye uso wake unafanana na ncha ya koleo: uso wa simba, wa chui milia, wa fisi, wa dubu, wa kunguru, na kadhalika. Iliyosifiwa kuliko zote ni ile yenye mdomo wa ndege wa jamii ya korongo, kwa sababu huingia kwa urahisi, hushika barabara, na hutoka bila kuchana. Mwanafunzi aliyekulia kando ya mto hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Alikwisha mwona korongo akimvua samaki topeni.

Mafungu mengine yana vibano, ala bapa kama vijiko, mirija, vichokoleo, na mwisho vile vitu vya kusaidia, kama kamba na vitambaa. Wahandisi wetu wa lugha, tunapoketi kutafuta jina la kifaa kipya cha maabara, mara nyingi tunakimbilia kamusi za kigeni kabla ya kukitazama kifaa chenyewe kina umbo gani. Tunajisema wenyewe pia.

Kwa upande wa vitendo, Sushruta anataja vinane. Tumejaribu kuvitafsiri, na tulishangaa jinsi Kiswahili kilivyokuwa tayari: kukata na kuondoa, kutumbua, kukwangua, kutoboa, kuchokoa, kung'oa, kukamua, na kushona. Hakuna hata kimoja kilichotulazimu kukopa. Mtu yeyote wa kijijini anajua kwamba jipu hutumbuliwa, jino hung'olewa, usaha hukamuliwa, na kidonda kilichoachama hushonwa. Lakini chukua ripoti yoyote ya tiba iliyoandikwa kwa Kiswahili, uone jinsi vitendo hivyo vyote vinavyomezwa na maneno mawili tu, "kufanya operesheni". Tunayo maneno manane, nasi tunafanya kazi kwa moja.

Namna alivyowafundisha wanafunzi wake vitendo hivyo yastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa ndipo tunapomwona mwalimu mwenyewe. Aliona kwamba aliyesoma vitabu vyote bila ya mazoezi hafai kushika kisu. Kabla ya kumgusa mgonjwa, mwanafunzi alijifunza kukata kwa kutumia maboga, matango na matikiti. Kutumbua alijifunza kwa mifuko ya ngozi iliyojazwa maji au matope, na kukwangua kwa ngozi yenye manyoya. Kutoboa mshipa alijifunza kwa mshipa wa mnyama aliyekufa au kwa bua la yungiyungi, kuchokoa kwa ubao ulioliwa na wadudu, na kung'oa kwa kokwa za fenesi au meno ya mnyama mfu. Kwa kukamua, ubao ulipakwa nta. Kushona kulifanywa juu ya kitambaa kizito na ngozi laini, na kufunga bendeji juu ya sanamu ya mtu iliyotengenezwa kwa nguo. Vitu hivi karibu vyote vinapatikana katika soko lolote la pwani yetu, na mwalimu wa sayansi anayelalamika kwamba shule yake haina vifaa angeweza kuisoma sura hiyo kwa faida.

Alitaka pia mwanafunzi auone mwili wa binadamu kwa macho yake. Maiti isiyo na kiungo kilichopungua iliviringishwa kwa nyasi na magome, ikatiwa katika kizimba, ikaachwa mahali palipositirika katika mto uendao maji kwa siku saba. Kisha ikatolewa na kusuguliwa polepole kwa brashi za nyuzi na mianzi, tabaka baada ya tabaka. Kwa njia hiyo alihesabu mifupa 300, ilhali wengine wa zama zake walihesabu 360. Leo tunajua mtu mzima ana 206. Tofauti hiyo imetokana kwa sehemu kubwa na kwamba alihesabu meno na gegedu pia, na mtafsiri asiyelijua hilo atamwonea kwa kumdhania hakujua kuhesabu.

Sasa tufike kwenye pua, maana hapo ndipo penye ugomvi wetu.

Katika India ya kale, kukatwa pua kulikuwa adhabu ya kumfedhehesha mtu mbele za watu. Kiswahili kina neno linaloeleza jambo hilo kwa ukamilifu usiopatikana kwa urahisi katika lugha nyingine: kumwumbua mtu. Maana yake ya asili ni kuharibu umbo, na maana yake ya kila siku ni kuaibisha. Aliyekatwa pua ameumbuliwa kwa maana zote mbili. Sushruta anaeleza jinsi ya kumrejeshea uso. Mganga huchukua jani lenye ukubwa wa sehemu iliyopotea, akalipima. Kwa kipimo cha jani hilo hukata kipande cha nyama ya shavuni huku akikiacha kimeshikamana upande mmoja, ili damu iendelee kukilisha. Hukwangua kingo za pua, akakigeuzia kipande pale na kukifunga. Hutia mirija miwili puani mgonjwa apate kupumua. Hunyunyizia unga wa dawa, hufunika kwa pamba nyeupe na kudondoshea mafuta ya ufuta. Kipande kikiisha kushika, hukatwa pale kilipoungana na shavu. Katika sura hiyo hiyo zimo njia 15 za kuunga ndewe la sikio lililochanika kwa uzito wa vipuli, jambo ambalo wasomaji wetu wengi wamewahi kuliona kwa macho.

Ndani ya maelezo hayo yote hakuna plastiki. Kuna nyama ya mgonjwa mwenyewe, jani, mirija, pamba na mafuta.

Elimu hii ilisafiri kwa miguu ya wafasiri wenzetu. Zama za Harun al-Rashid, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 786 hadi 809, waziri Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki alimwamuru tabibu wa Kihindi aitwaye Manka akifasiri kitabu hiki kwa ajili ya hospitali. Habari hiyo tunaipata kwa Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake ya vitabu mwaka 987, naye anakiita Kitabu cha Susrud. Yafaa ikumbukwe kwamba maneno ya Kisanskriti yalikuwa yakipita njia hiyo hiyo kuelekea kwa Waarabu na hatimaye kutufikia sisi: sukari ni mojawapo, na pilipili ni jingine. Pilipili ndefu ya Kihindi ilikuwa dawa kabla haijawa kiungo cha mchuzi.

Kwa njia hiyo hiyo ya Kiarabu tulipokea elimu nyingine ya tiba, ile ya Kiyunani, yenye kuzungumza juu ya damu, balghamu na safura, na yenye kugawa maradhi katika baridi na joto, ubichi na ukavu. Jina la ugonjwa wetu wa baridi yabisi ni mabaki ya elimu hiyo: yabisi ni kavu. Tunalitaja hili kwa sababu watafsiri wa vitabu vya Ayurveda hupenda kuyageuza maneno vata, pitta na kapha kuwa upepo, safura na balghamu, kana kwamba Mhindi na Myunani walikuwa wakisema jambo moja. Mambo hayo mawili yanafanana, lakini hayalingani. Wayunani walikuwa na vitu vinne, Wahindi wana vitatu. Tena vata si upepo tu, bali ni nguvu ya kila mwendo mwilini. Zaidi ya hayo, safura kwa msomaji wa leo ni ugonjwa wa minyoo. Ushauri wetu ni kuyaacha maneno hayo matatu kama yalivyo na kuyaeleza mara ya kwanza yanapotokea.

Turudi kwenye pua. Mnamo Oktoba 1794, gazeti moja la London, Gentleman's Magazine, lilichapisha barua yenye picha ya Mhindi aitwaye Cowasjee. Huyu alikuwa mwendesha ng'ombe wa mizigo katika jeshi la Waingereza. Alitekwa na askari wa Tipu Sultan katika vita vya mwaka 1792, akakatwa pua na mkono mmoja. Pua yake ilirudishwa na mtu wa karibu na Pune, wa jamii ya wafyatua matofali. Mtu huyo alitengeneza pua ya nta, akaibandika mahali pake ili kupata kipimo, akaifungua na kuilaza bapa juu ya kipaji cha uso, akachora mpaka wake, kisha akashusha ngozi ya kipaji ikawa pua. Njia yake ilitofautiana na ya Sushruta, aliyechukua nyama ya shavu, ila shina ni moja. Daktari Joseph Carpue wa London aliijaribu njia hiyo mwaka 1814, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1816, na mwaka 1818 Mjerumani Carl von Graefe akatoa kitabu chake na kuupa upasuaji wa pua jina lenye kipande cha neno la Kiyunani lililozaa "plastiki".

Neno hilo la Kiyunani maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi afinyangavyo udongo. Mwaka 1838 lilikwisha kuwa jina la fani nzima katika kitabu cha Mjerumani mwingine, Eduard Zeis. Ile plastiki tunayoijua sisi, ya ndoo na mifuko, ilianza na kitu kilichobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, nayo iliitwa hivyo kwa kuwa hufinyangika ikiwa moto. Fani na ndoo zimerithi jina kwa babu mmoja, wala moja haikuzaliwa na nyingine. Kiswahili kilipokea ndoo kwanza. Ndiyo maana masikio yetu yanaposikia "upasuaji wa plastiki" husikia ndoo.

Je, tuiteje basi? Wengine husema "upasuaji wa urembo". Hatukubaliani nao. Mtoto aliyeungua moto hata shingo ikashikana na kifua haendi kutafuta urembo. Wengine wamependekeza "upasuaji wa kuumba", na kwa kuwa tumekwisha kulitaja neno kuumbua, pendekezo hilo linavutia. Lakini wajumbe kadhaa wamesema, nasi tumewasikia, kwamba kuumba ni kazi ya Mwenyezi Mungu na mgonjwa mcha Mungu atasita. "Upasuaji wa kufinyanga" ndiyo tafsiri halisi ya Kiyunani, tena ingemheshimu yule mfyatua matofali wa Pune. Tulipoijaribu kwa watu wa kawaida, walifikiri juu ya vyungu.

Limetolewa pia pingamizi kwamba istilahi ni mali ya madaktari na sisi tusiiguse. Hoja ya namna hiyo ilizuka India mwaka 2020, serikali iliporuhusu wahitimu wa shahada ya juu ya Ayurveda kufanya aina kadhaa za upasuaji. Madaktari wa tiba ya kisasa waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba istilahi zao zilikuwa zikitumiwa na wasiohusika. Wizara husika ilijibu kwamba istilahi za sayansi ni urithi wa binadamu wote. Katika ugomvi wenyewe wa nani apasue hatuna la kusema. Juu ya istilahi, tunaliunga mkono jibu hilo.

Pendekezo letu ni "upasuaji wa umbo", na mtaalamu wake aitwe "mpasuaji wa umbo". Ni fupi, halimtishi mgonjwa, na linagawanyika vizuri: upasuaji wa kurejesha umbo kwa waliozaliwa na kasoro, walioungua au waliojeruhiwa, na upasuaji wa kupamba umbo kwa wanaotaka hivyo. Kukihamisha kipande cha ngozi kutoka mahali hadi mahali kuendelee kuitwa kupandikiza, neno lililokwisha kukubalika kwa miti na kwa viungo vya mwili. Pendekezo hili litafikishwa mbele ya kamati ya istilahi za tiba katika kikao chake kijacho, na maoni ya wauguzi na walimu tungependa kuyapata kabla ya hapo, hasa ya wale wanaozungumza na wagonjwa kila siku.

Mwalimu wetu tumemrudishia sentensi yake ikiwa hivi: "Sushruta, mganga wa India ya kale, ametajwa kuwa mwandishi wa kitabu kinachoeleza upasuaji wa umbo, pamoja na namna ya kurejesha pua iliyokatwa kwa kutumia nyama ya shavu la mgonjwa mwenyewe."